Ombi la Fungate kwa Shirika Letu la Ndege Moja

Kwa Wasimamizi wa Mchezo wa Mashirika ya Ndege,

Ndugu Wasimamizi,

Poleni kwa kazi ya kuongoza anga. Mimi ni bibi harusi wa wiki tano, karani katika duka la vifaa vya shule. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na mikono yake, hata ikitoka ndani ya barafu, huwa na joto la mapenzi. Tunaishi chumba kimoja. Kompyuta yetu hukaa juu ya meza ya kupigia pasi, kwa hiyo siku ya pasi ndege haziruki.

Tulijiunga na mchezo wenu siku ya tatu ya ndoa. Ndege yetu ya pekee, yenye viti arobaini, mume wangu aliipa jina analoniita tukiwa wawili: Laazizi. Nililia. Akaapa kwamba Laazizi haitakosa abiria maadamu yeye yu hai. Sasa mchezo umetuandikia kwamba ikikosa abiria hadi Ijumaa, Laazizi itapigwa mnada. Ndugu zangu, mke gani apigwe mnada kabla hajamaliza kufungua zawadi?

Malalamiko yetu ni haya:

1. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenu ni mgeni njoo, mwenyeji aponde. Laazizi haijamaliza hata saa moja angani, mchezaji anayejiita Bwana Mawingu, mwenye ndege mia tatu na kumi, akaleta sita kwenye njia yetu. Tulikuwa tumeandika kwenye ukurasa wetu kwamba sisi ni maharusi, tukitarajia pongezi. Akatuandikia: "Karibuni mjini, maharusi. Mnataka kiti cha dirishani?" Mume wangu hakula.

2. Nafasi zote nzuri za kutua amezishika yeye. Nyingine hata hazitumii. Ameziacha kama mtu aliyeweka kandambili kwenye foleni akaenda zake. Sisi tumebakiziwa saa sita mchana, wakati mume wangu kaingiza kichwa kwenye jokofu la watu. Laazizi hutua bila mtu wa kuipokea.

3. Kitufe cha namba nane cha kompyuta yetu kiling'oka. Nauli yetu ni sabini na tisa au tisini, hapo katikati hatufiki. Bwana Mawingu ameling'amua hilo na anatoza sabini na nane. Pimeni wenyewe kama huo ni ushindani.

4. Kwa hiyo naomba kila shirika jipya lipewe fungate. Maharusi hupewa siku saba, na hakuna agongaye mlango. Hizo saba ziwe za waseja. Waliooana wapewe arobaini. Waliooana kwa mapenzi ya kweli wapewe hadi mtoto wao wa kwanza aweze kuhesabu abiria. Muda wote huo ndege za wakongwe zikae chini, na marubani wao wakawasalimie wake zao.

5. Bwana Mawingu aoe. Mwenye mke hapati nafasi ya kubadilisha nauli mara tisa kwa siku. Kama hana mchumba, ninaye shangazi mjane, mpole, ila hapendi makelele ya ndege.

Nawasalimu nyote hapo ofisini, mlinzi wa getini, wake na waume zenu, na anayewachemshia chai. Mume wangu naye anawasalimu, akiwa nyuma ya jokofu.

Ni mimi mwenye imani nanyi, na mwenye mume,

Laazizi (mke, siyo ndege)

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Bwana Mawingu ameacha mchezo na kutuachia ndege zake zote, mia tatu na kumi, kama zawadi ya harusi. Nimelia tena. Tafadhali futeni lalamiko la kwanza hadi la nne. La tano libaki, maana shangazi ameshaanza kuuliza. Leo asubuhi mchezaji mgeni amefungua safari kwenye njia yetu kwa ndege moja, ameipa jina la mchumba wake, na anaomba eti tumwachie siku saba. Mume wangu amempelekea ndege kumi na mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa leo leo, asichelewe shamba.