Daktari Ildefons Apima Migomba

Daktari Ildefons ndiye mtu pekee Muleba nzima anayeongea na migomba kwa kompyuta. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, tena msibani.

Programu yake, alitueleza, inasoma jeni za jani: zipi zimewaka, zipi zimezima. Mgomba wenye ugonjwa wa mnyauko inaukamata kabla haujaonyesha dalili.

"Nyinyi mnasubiri uoze," alisema akifuta miwani. "Mimi nautambua ungali unajidai mzima."

Basi akaja kwenye kibanja cha migomba cha shangazi yake, Ma Jovita. Alikula ndizi kwanza, akashushia rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndipo saa tisa alasiri akakata majani ya migomba arobaini. Kesho yake majibu yakatoka: yote arobaini ina mnyauko! Ikatwe, ifukiwe, kabla haijaambukiza kijiji kizima. Nikaitwa mimi jirani, nije na panga.

Ma Jovita hakulia, ingawa angelia nisingemshangaa. Kibanja kile ndicho kinachomlisha, na marehemu mumewe amezikwa humohumo. Alikata mgomba mmoja tu, akauchungulia. Ule usaha wa njano wa mnyauko, tunaoujua sote, haukuwemo.

"Shangazi, macho hayaoni jeni," Ildefons alimwambia kwa upole wa kisomi, ule unaoniudhi mpaka leo.

"Sawa, mwanangu. Basi nipimie na majani nitakayokuletea kesho."

Kesho yake asubuhi Ma Jovita alimletea jani kwenye mfuko wenye alama A, alasiri jingine kwenye mfuko wenye alama B. Daktari alipokea bila kuuliza kitu, akaendelea na chai yake.

Siku ya majibu alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mgomba A mzima, mgomba B una mnyauko, uhakika asilimia tisini na tisa!

"Ni mgomba mmoja," alisema Ma Jovita.

Daktari akaanza kutufafanulia kwamba jeni nyingine huwaka asubuhi, nyingine mchana, ndivyo mimea ilivyo. Katikati ya sentensi akaigeukia mifuko, A na B.

"Ulipoifundisha hiyo kompyuta," shangazi akamuuliza, "majani mazima ulichuma wapi?"

"Buhembe. Asubuhi."

"Na yenye ugonjwa?"

"Huku Muleba." Alivua miwani. "Nilifika baada ya chakula cha mchana."

Mwenyekiti alikohoa. Mimi nikatupa panga chini, kwa kishindo, makusudi kabisa.

"Basi inachojua ni kusoma saa," alisema Ma Jovita. "Saa yangu iko sebuleni ukutani, na haijawahi kuniamuru nikate mgomba."