Injini Nyekundu ya Kumbeba Bibi Harusi

Jumatatu, 6 Mei
Baba mkwe katutia vitani. Shemeji yangu wa mwisho anaolewa Jumamosi, na mzee ametangaza kuwa bibi harusi atabebwa na gari langu au la mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mzee atachagua mwenyewe. Kwa kuwa aliendesha malori maisha yake yote, hadanganyiki na gari lililooshwa. Hufungua boneti kwanza. Boneti yangu ukiifungua ni kama kufunua sufuria iliyosahauliwa mwezi mzima. Mwanyumba, ambaye kimoyomoyo namwita Bwana Kioo kwa jinsi gari lake linavyong'aa, alicheka kwa pua. Acheke tu. Injini yangu itapakwa rangi.

Jumanne, 7 Mei
Nimeshauriana na fundi. Kosa kubwa. Akasema nioshe grisi yote kwa petroli, nipige msasa, nizibe matundu, kisha nitafute rangi inayostahimili joto. Nikamuuliza kama napaka injini au namfanyia mtu upasuaji. Akasema kwa mikono yangu, mgonjwa atakufa vyovyote vile.
Mke wangu anataka kijivu, kama ilivyokuwa. Kijivu! Nani aliwahi kugeuka kutazama kijivu? Nimechagua nyekundu. Tena ipo stoo, kopo zima, ilibaki tulipopaka geti. Geti linapigwa jua tangu asubuhi mpaka jioni na halijawahi kulalamika. Joto ni joto.

Alhamisi, 9 Mei
Nimepaka. Grisi nimeiacha, inasaidia rangi kuteleza. Brashi ilikuwa pana kidogo, kwa hiyo na mabomba yamepata, na kifuniko cha oili, na kile kijiti cha kuipimia. Mkono mmoja wa rangi, wa pili, wa tatu. Inang'aa kama tufaha. Mke wangu alichungulia, akauliza kama itakauka kabla ya harusi. Nikamwambia mwanamke mwenye imani haulizi hivyo. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ijumaa, 10 Mei
Ushindi! Mzee kafungua boneti ya Bwana Kioo, akaguna. Kafungua yangu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akajaribu kuchomoa kijiti cha oili, kikagoma, kimegandia kwa rangi. Nikamweleza kuwa hiyo ni dalili ya injini isiyovuja. Akatazama vidole vyake vyekundu, akasema hajaona kitu kama hiki tangu azaliwe. Bibi harusi akasema anaipenda. Basi, mzee akakubali, imepita. Bwana Kioo leo hakucheka, hata kwa pua.

Jumamosi, 11 Mei
Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Hapo harufu ikaanza. Bibi harusi akauliza ni nani anaunguza plastiki. Nikasema ni jirani. Akauliza jirani gani, na sisi tunatembea. Moshi ukatoka kila upenyo. Nikasimama, nikafungua boneti: rangi inatokota, inachuruzika, nyekundu tupu. Mashangazi wa bwana harusi, waliokuwa nyuma yetu, wakapiga kelele za moto. Kabla sijafungua mdomo, mtu akatoka dukani na ndoo ya maji baridi, akaimwaga yote juu ya injini.
Ikalia "ta!" Mara moja tu.
Bibi harusi akashuka, gauni kalikunja mkononi, akaingia kwenye gari la Bwana Kioo, lililokuwa kwenye msafara. Kupitia dirishani akaniambia, "Shemeji, nakupenda, lakini usinifuate."

Jumapili, 12 Mei
Fundi kasema bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, imepasuka kwa yale maji baridi. Mke wangu haongei nami. Baba mkwe kanitumia salamu kwamba anaomba, kwa heshima zote, nisiguse gari la mtu yeyote wa ukoo.
Nimetafakari kutwa nzima na kosa nimeliona. Ni rangi. Mtu akiona nyekundu inachuruzika, lazima afikirie moto. Ningepaka buluu, nani angekuja na ndoo?
Kopo la buluu nimeazima kwa jirani. Na kwa kuwa injini haiwaki tena, safari hii itakauka vizuri.