Dawa ya Kideri Niliyoianika Mwenyewe

Jumatatu, 6 Februari 1967
Mke wangu Rispa ameondoka kwenda Asumbi kumtunza dada yake aliyejifungua. Wiki mbili! Ameniachia kuku wake ishirini na watatu. Amewalea miaka mitatu ili wamletee cherehani. Kaniagiza jambo moja: niwape maji, basi. Maji tu? Mimi, Nicanor? Kideri kimeingia soko la Kendu Bay, kuku wanakufa ovyo. Nitawachanja. Jirani yangu Elkanah amecheka. Atanitambua.

Jumanne, 7 Februari
Homa Bay, ofisi ya mifugo. Bwana Wangwe ni Mkuria mpole, ila maneno mengi. Kasema kideri huletwa na virusi, vidogo hata miwani haisaidii. Kwenye kivuli, unyevu na kinyesi kibichi huishi wiki nyingi. Jua kali huviua upesi. Dawa nayo ni virusi hivyo hivyo, vimepunguzwa makali tu. Akaanza habari za kuiweka baridi, lakini basi lilikuwa linapiga honi. Nikashika thamosi aliyonipa nikakimbia. Ndani mlikuwa na chupa ya dawa na barafu. Barafu niliitafuna njiani. Joto la Februari si mchezo.

Alhamisi, 9 Februari
Nimegundua! Dawa ina virusi. Jua huua virusi. Basi ukiianika, virusi hufa, inabaki dawa safi! Wangwe na elimu yake hakuliona hilo. Chupa imekaa juu ya bati tangu saa tatu hadi saa sita. Kisha maji kidogo, na tone moja kwenye jicho la kila kuku. Wote wazima! Nimewafungia jikoni, kwenye kivuli, nikamwagia sakafu maji wasione joto. Elkanah amefagia banda lake na kuliacha wazi lipigwe na jua. Hataki hata kuku wa kutoka sokoni. Maskini, nimemhurumia.

Jumamosi, 11 Februari
Sifa zimevuka mto! Mzee Nyarangi wa ng'ambo kaniita, nikamchanjia kuku wake tisa kwa dawa iliyobaki. Kwao, kama kwetu, mtu aliyekufaa haondoki mikono mitupu. Kanipa jogoo. Ana shingo iliyopinda, kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Nimemweka jikoni na wenzake. Mzee aliniita daktari!

Ijumaa, 17 Februari
Jogoo alikufa Jumatatu. Kufikia leo, kuku kumi na saba wamemfuata. Elkanah kachungulia juu ya ua: "Omera, ndugu yangu, hizo kuku zako zinalala ama zinakufa?" Nikamjibu wanapumzika. Wangwe kaja kwa pikipiki, akaingia jikoni, akatoka ameshika kichwa. Eti dawa nimeiua mwenyewe juani, halafu ugonjwa nikautunza kivulini kama mkwe. Wivu wa kazini huo. Lakini nakiri, nimeogopa. Rispa anarudi keshokutwa.

Jumapili, 19 Februari
Rispa amerudi. Amekuta kuku mmoja. Aliingia jikoni, akakaa kwenye jiwe la kusagia, akalia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Baba Pauline, mimi nilikuambia maji." Niliumia hadi ugali ukanishinda.

Jioni kamchukua yule mmoja, kampeleka akalelewe kwa Elkanah. Kwa Elkanah! Huko hajafa hata kifaranga. Bahati tu.

Nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Saa tatu za jua hazikutosha. Dawa ilitaka siku mbili nzima! Nasikia mbuzi wa Ndhiwa wanakohoa, na huko hakuna anayenijua. Naondoka kesho alfajiri kwenda kuwachanja. Rispa sijamwambia. Nataka afurahi kwa ghafla.