Ramani ya Mabomba Iko Kichwani Mwangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wamekuja! Gari la idara ya maji limesimama mlangoni kwangu. Si kwa jirani yangu Kinyozi. Yeye alikuwa barazani kwake, shingo imerefuka kama koki ya bafuni. Aone!

Kashuka binti mwenye kofia ngumu na hereni. Eti ndiye injinia. Nimeunga mabomba ya idara miaka thelathini na moja, injinia wa hereni sikumwona. Lakini ana adabu. Kaniamkia, kaniita babu.

Kasema jiji linafunga mita janja kila nyumba. Inajisoma yenyewe, inapeleka habari ofisini yenyewe, maji yakipotea inachongea. Nikamuuliza, kama inajua yote, mimi mnanitakia nini? Akashusha sauti. Ofisini hawana ramani ya bomba kuu la mtaa huu. Waliolifukia wote wamekufa, kasoro mimi.

Kasoro mimi! Nikamwambia ramani haikuchorwa kamwe, iko hapa kichwani. Nikavua kofia aione vizuri.

Tatizo moja dogo. Bomba lenyewe linapita chini ya sebule yangu. Nilijua wakati najenga. Nani angenikataza? Wa kukataza nilikuwa mimi. Wakilipata watavunja sebule, na kiti changu kikae wapi? Basi halipiti hapo tena. Nimelihamisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwongoza injinia mtaani. Mkononi ufunguo wangu wa valvu, ule mrefu wa chuma niliosahau kuurudisha nilipostaafu. Nikawa nagonga ardhi, nasikiliza, nagonga. Kama daktari! Nikaja kusimama katikati ya ua wa Kinyozi. Ua mpya wa sementi. Alipomaliza kuusakafia mwezi uliopita aliita mtaa mzima waje waukanyage. Mimi hakuniita.

Nikasema: hapa.

Kinyozi karuka kama kaungua. Kasema huyu mzee akili zimemhama. Nikamjibu wewe ujuzi wako ni nywele, na hizo nazo zimekukimbia. Injinia kauliza, babu, una hakika? Nikamwambia mjukuu wangu, hakika ni kazi yangu, wasiwasi wachukue wengine. Kapiga alama nyekundu juu ya sementi. Mchana nimekula sahani mbili.

Mke wangu kauliza bomba limehama lini. Nikasema mambo ya maji si ya kila mtu. Kasema haya, mtaalamu, mbona zulia la sebuleni limelowa? Nikamwambia hilo ni jasho la ardhi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Wamechimba. Shimo la kiunoni. Shimo la mabegani. Wamepata kandambili moja. Nikawatia moyo, chimbeni, zamani tulichimba kwa nia! Udongo wote wameurundika kando ya ukuta. Kinyozi kaketi ukingoni, anahesabu makoleo ya udongo. Hesabu ile sikuipenda.

Nyumbani kiti changu kimezama mguu mmoja. Nimekiwekea tofali. Kimetulia. Akili ni mali.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mita wamemaliza kufunga mtaa mzima. Injinia kaja na kioo chake cha kupapasa, kile kinachopokea habari za mita. Kasema maji yakifika kwa Kinyozi yana nguvu, yakishapita kwangu yamechoka. Yanapotelea hapahapa. Nikamwambia mita yako bado mgeni, haijauzoea mtaa.

Alipoondoka nikaifunika kwa sufuria kubwa. Isione, isichongee. Haikupita saa, injinia kaja mbio: mita yangu imenyamaza. Mke wangu naye kaja mbio: sufuria yake iko wapi. Wamekutana palepale. Sikujua wanawake wawili wanaweza kuelewana upesi hivyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimewaita wote sebuleni niwamalize kwa hoja. Injinia, Kinyozi, majirani. Kwangu, kitini kwangu, nani atanishinda? Nikasimama. Nikasema bomba nililolaza mimi halijawahi kuvuja, wala halipiti hapa. Ili neno liingie, nikapiga sakafu kwa ufunguo.

Pwaa!

Maji hadi darini. Kiti kikaelea, kikatoka mlangoni bila kuaga. Mke wangu kasema maji yamezidi unga, sasa yamezidi na zulia. Kinyozi kavua viatu polepole, kakunja suruali, kasema: jamani, mzee kapasuka kichwa, ramani hiyo inamwagika.

Wamecheka! Ndani ya nyumba yangu!

Injinia kapiga kelele, valvu iko wapi? Hilo nilijua kweli. Kando ya ukuta wa Kinyozi. Chini ya ule udongo. Tumeuondoa saa nzima, na mimi nikiwa na koleo, Kinyozi akihesabu. Lakini aliyefunga maji ni nani? Mimi! Mizunguko kumi na minne, bila kupumzika. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sebule imebaki nusu. Kiti kiko nje juani. Mke wangu kaenda kwa dada yake. Kasema atarudi siku nitakapotamka mbele ya watu kwamba nilijua. Atakaa sana.

Injinia kachora ramani yake mwenyewe. Hakuniuliza lolote. Kaniamkia, kauchukua ufunguo wangu, kasema ni mali ya idara. Nimeutazama ukienda garini. Leo sikula.

Kinyozi wamemsakafia ua upya, laini kuliko wa kwanza. Kaita watu waje kuutazama.

Saa kumi limesimama gari jingine. Watu wa umeme. Wanatafuta waya wa zamani uliofukiwa, hawana ramani. Wameuliza kama kuna mzee anayekumbuka unapita wapi.

Umeme sijaufanyia kazi hata siku moja. Lakini waya na bomba ni ndugu. Nikavua kofia waone vizuri, nikawaongoza moja kwa moja hadi kwa Kinyozi.

Sementi bado mbichi. Hawatapata shida kuchimba.