Kunazi Kabla ya Saraswati

Jumanne, 1 Februari
Jumapili ni kura. Miaka kumi na tisa mimi ndiye katibu wa vitabu wa maktaba ya mtaa wetu, Shobhabazar, hapa Kolkata. Miaka kumi na tisa mtaa umesoma riwaya tu. Riwaya nzito! Leo Sutapa Nandi, mwalimu mkuu mstaafu, ametangaza kwamba anakitaka kiti changu. Na orodha yake? Riwaya ya kondakta wa tramu, mapishi ya maganda ya mboga, na kitabu cha biashara cha muuza miavuli. Nilisimama nikasema hiyo si orodha, ni khichuri: mchele na dengu sufuria moja, chakula cha siku ya mvua. Akaniuliza mbele ya watu, kwani mvua ikinyesha wewe unakula nini, kaka Nirupam? Riwaya? Walicheka mpaka mzee Bhabani akakohoa.

Vita!

Jumatano, 2 Februari
Huwezi kubomoa kitabu hujakisoma. Sutapa ameviweka maktabani; nimeazima vyote vitatu kwa jina la shemeji yangu, asijue. Nimeanza na maganda. Mwandishi ni mjane kutoka mji wa Bardhaman. Anasema ganda la mumunye likatwe jembamba "kama mtu anayeomba radhi." Nani kamfundisha kuandika hivyo? Nimeipigia mstari sentensi hiyo ili niikejeli. Nimepigia mistari kurasa sitini. Chai imepoa mara mbili.

Alhamisi, 3 Februari
Muuza miavuli. Sura nzima juu ya mteja anayeufungua mwavuli, akautazama, akaurudisha. Sura nzima! Nimewahi kusoma riwaya za kurasa mia nane zisizomjua binadamu hata nusu ya hapo. Hatari. Hotuba yangu ya kuwaponda imefika kurasa kumi na moja na haina neno la kuponda hata moja.

Nimekaanga maganda ya mumunye. Mke wangu Mandira alikula yote, kisha akauliza nani kapika. Hakuniamini.

Ijumaa, 4 Februari
Nimewapata! Ukurasa wa arobaini: achari ya kunazi, "ionjwe siku moja kabla ya sikukuu." Kunazi kabla ya Saraswati! Mtaa mzima haugusi tunda hilo mpaka mungu wa elimu apewe lake; anayemtangulia, wanasema, hufeli mtihani. Nitakishtaki kitabu kwa kukosa dini. Ndiyo, mimi, niliyeacha kusali tangu chuo.

Nikaipika ili niwe na ushahidi. Nikaonja. Ushahidi lazima uwe kamili: vijiko vitano. Tamu, chachu, kali, jamani!

Hodi. Sutapa. Amekuja kuulizia vitabu vilivyoazimwa na shemeji yangu, anayeishi Delhi mwaka wa nne sasa. Kanikuta na kokwa mdomoni. Akasema utafeli mtihani wa Jumapili, kaka. Nikamwonyesha ukurasa wa arobaini kwa ushindi. Akaufunua wa arobaini na moja: "Usionje wewe. Muite asiyeamini, kila nyumba inaye mmoja."

Mjane huyu ni hodari. Namchukia.

Jumamosi, 5 Februari
Saraswati. Vitabu vyote vya mtaa viko miguuni pa sanamu yake. Leo ni marufuku kusoma na kuandika. Siandiki.

Ila Mandira amebeba na hotuba yangu akaiweka pale. Haiguswi mpaka kesho. Siandiki zaidi.

Jumapili, 6 Februari
Hotuba imerudi imelowa maji ya sadaka na maziwa, wino wote umekuwa wingu. Nikasimama mikono mitupu. Kichwani mlikuwa na nini? Maganda na miavuli! Nilisema dakika arobaini. Nilimwigiza mteja, nikaufungua mwavuli wa mzee Bhabani. Nilipofika kwenye "kama mtu anayeomba radhi" niliirudia mara tatu. Makofi! Mandira alifuta macho.

Kura: Sutapa, wote. Mkono wangu pia ulikuwa juu. Sijui ulifikaje huko.

Jumatatu, 7 Februari
Nimetafakari. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kunazi. Naanza makala kali dhidi ya watu wanaosoma riwaya tu. Nimewadharau tangu zamani.

Sutapa, kiti hakijapata hata joto, anaongeza kitabu cha kufuga nyuki. Nyuki! Katikati ya Kolkata! Nimekiazima kwa jina la shemeji, nikibomoe.

Niko ukurasa wa tisini. Malkia amepotea. Mandira anaita chakula, asubiri.