Risiti ya Nusu Milimita

Fundi aliyeitwa Mikromita alipoona pikapu ya Mama Mikate ikivutwa kwa kamba kuingia gereji, alifuta mikono, akachomoa mfukoni kipimo cha unene wa vyuma, kile kilichompa jina, akakipuliza vumbi kama daktari anayeandaa sindano. Kukisoma hakujua. Lakini ukutani palining'inia cheti, kimesainiwa na mkaguzi aliyekuja, akanywa soda, akaondoka bila kugusa hata spana. Ndivyo wakubwa wetu wanavyotulinda.

Injini ikafunguliwa. Krenki, ile shafti nzito inayozungushwa na pistoni, ikalazwa mezani inang'aa kama kijiko cha wageni.

"Mama," Mikromita akasema kwa sauti ya msibani, "imeliwa."

"Imeliwa wapi, baba?" Mama Mikate akapitisha kucha juu yake. "Mbona laini?"

"Kucha za kukanda unga hizo, mama yangu, zitasikia nini? Ichongwe nusu milimita. Ukiiacha hivi itachezacheza kwenye beringi kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake."

"Jumatatu asubuhi mikate isipofika shuleni, tenda inakwenda kwa shemeji yake bosi wa shule. Gari ameshanunua, anangoja tu nianguke."

"Jumatatu utaendesha."

Mama akatoa pesa ya kuchonga, noti zinanuka hamira. Mikromita naye akaingia kazini: akaipaka krenki grisi, akaifunga gazeti, akaenda kulala ndani ya pikapu. Ijumaa akaamka na risiti ya karakana ya kuchonga vyuma isiyokuwepo duniani, "imechongwa nusu milimita", imegongwa muhuri. Muhuri huo ndio kitu pekee alichowahi kuchongesha.

"Beringi niachie mimi," akasema.

"Pumzika, baba, umehangaika vya kutosha. Duka liko njiani kwangu."

Muuzaji aliisoma ile risiti neno kwa neno, akampa Mama beringi nene, za kuziba nafasi ya nusu milimita iliyochongwa. Zikitoka dukani hazirudi.

Jumamosi Mikromita akazifunga bila kutazama kilichoandikwa migongoni mwa beringi. Akazungusha injini. Kimya. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaning'inia nalo. Chuma kisichochongwa kilikuwa kimebanwa kama mwizi sokoni.

Mama Mikate alikuwa ameketi juu ya debe la oili. "Vipi tena?"

"Beringi feki hizi, mama."

"Feki? Zimenunuliwa kwa risiti yako! Ngoja nimpigie mwenye karakana, namba yake hii hapa kwenye risiti."

Ile namba ilikuwa ya simu iliyolala mfukoni mwa Mikromita.

"Usimpigie! Usimpigie, mama, ana... ana mgonjwa. Tuweke tu beringi za kawaida."

"Kwenye krenki iliyochongwa? Ichezecheze kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha babake? Hapana, baba. Kama hakuichonga sawasawa, tuandamane kwake sasa hivi."

Mikromita akaifungua injini upya, akaitwika krenki begani. "Nakwenda mwenyewe," akasema. "Jua kali hili."

Karakana ya kweli ilikuwa inafunga. Mzee wa mashine alipima, akapima tena, na yeye kusoma alijua.

"Nani amesema hii ichongwe? Nzima kabisa!"

"Chonga nusu milimita, mzee."

"Unaharibu kitu kizima, kijana."

"Chonga, nakuomba."

Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi mchana, bei ilikuwa mara mbili.

Jumapili, kabla krenki haijarudi mahali pake, Mama Mikate alipitisha tena kucha.

"Laini," akasema. "Laini vilevile kama siku ile."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe kucha za unga nazo zinasikia."

Jumatatu alfajiri pikapu iliondoka gereji inanguruma vizuri, imejaa mikate, na shemeji wa bosi akabaki kuosha gari lake jipya. Mikromita alisimama mlangoni, mkono mfukoni, ameshika risiti ya mzee wa mashine: sahihi, ya kweli, ya kwanza maishani mwake. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.