Daftari Nililolisoma kwa Sauti Hotelini kwa Hawo

Leo, Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, Garsen mjini, nimepoteza heshima yote niliyorudi nayo kutoka jeshini. Naandika mwenyewe kabla hamjaipata habari kwa Jilo wa boda boda. Yeye ataongeza chumvi, na hii haihitaji.

Kwa wasionijua kwenye kikundi hiki: mimi ni Komora wa kijiji cha Hewani, koplo mstaafu. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kusukumwa. Mke wangu Mabuke alifariki mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza. Sitasema mengi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba alikuwa na redio ndogo ya betri, na kila asubuhi alibishana nayo. Mtangazaji akisema mafuriko ya mto Tana yamefanya hivi na vile, Mabuke alikuwa ananyanyua mwiko: "Umefika Hewani wewe? Umemuuliza nani?"

Mtangazaji hakuwahi kumjibu.

Basi nimeamua kusomea uandishi wa habari. Mvi hizi zote, na nataka digrii. Nataka niwe yule mtangazaji aliyefika Hewani. (Mnaweza kucheka hapa kidogo, kisha mnyamaze. Kubwa liko mbele.)

Vyuo vilikuwa viwili. Cha kwanza nilikiona kwenye simu, kimeandika kwamba wanajeshi wastaafu wanakaribishwa sana. Nikaweka namba yangu nipate maelezo. Chai haijapoa, simu ikalia.

"Hongera, Afande, umechaguliwa."

"Sijaomba bado."

"Ndiyo, lakini umechaguliwa."

Digrii kwa miezi minane. Mstaafu hafanyi mtihani, haendi darasani, anatuma tu picha ya kitambulisho na karatasi za pensheni. Mimi nimesimama kwenye vizuizi vya barabara miaka mingi. Dereva anayetabasamu kabla hujamsimamisha, lori lake hupekuliwa mara mbili. Nikakata simu.

Chuo cha pili hakikunipa hongera. Kilinijibu kwa barua ya mistari sita. Mtu mwenye alama kama zangu huanza na mwaka wa matayarisho, kisha miaka minne ya digrii yenyewe. Na kabla ya hayo yote aandike kisa kimoja cha kweli, kurasa mbili, kuhusu mtu anayemjua. Barua ilimalizia: "Tutakisoma kwa makini."

Nikaandika kuhusu Mabuke na redio yake. Kwa mkono, usiku mmoja na siku mbili. Nikakituma kwa basi. Wiki tatu, kimya. Nikaanza kukishuku na chuo hicho. Kwa nini wanataka habari za mke wangu? Wanazipeleka wapi? Na orodha yao inafungwa Ijumaa hii, na wakinikataa sina chuo kingine ila cha yule wa hongera.

Jana jioni Jilo, ambaye ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, akaja mbio.

"Mjomba, kuna mtu anakuulizia kijijini. Mfupi, miwani, mkoba wa ngozi."

"Anauliza nini?"

"Kama ulikuwa jeshini kweli. Kama mama Mabuke alifariki kweli. Mpaka redio, anauliza ni ya rangi gani."

"Mkamwambia?"

"Kwangu? Kwangu mimi hakutoki neno, mjomba."

(Likumbukeni hilo jibu.)

Hapo yote yakakaa sawa kichwani mwangu. Ni yule wa hongera. Nilimnyima karatasi za pensheni kwa simu, sasa amezifuata kwa miguu.

Leo asubuhi Jilo ananipigia simu kutoka Garsen: mtu wako yuko hotelini kwa Hawo, anakunywa chai. Nikamwambia aje anichukue. Hawo ni yule mama wa Kiorma ambaye chai yake ina maziwa mengi kuliko maji, na hoteli yake saa nne huwa imejaa. Nikavaa buti. (Ndiyo, zile za jeshi. Na rangi nilizipaka.)

Jeshini tulifundishwa. Mtu akiwa anachunguza kambi yako, humrukii. Unakaa kati yake na mlango. Unamtenganisha na mzigo wake. Unauliza maswali mafupi. Basi nikasimama kati yake na mlango, nikausukuma mkoba wake kwa buti mpaka chini ya meza ya jirani, nikaanza.

"Umetoka wapi?"

"Mombasa."

"Hewani ulifikaje?"

"Nilipanda boda, kipande cha mwisho nikatembea."

"Nani anatembea na boda zipo?"

"Ukitembea, watu wanakusalimu," akasema. "Wakikusalimu, wanaongea."

Jibu la jasusi kabisa.

"Uliongea na nani?"

"Samahani, hao siwezi kukutajia."

Sasa watu wameacha kula. Wazee wawili waliokuja kuuza ng'ombe wamegeuza viti vizuri. Hawo akaniita kutoka jikoni, "Komora, mwache mgeni amalize mahamri yake."

"Hawo, huyu si mgeni."

"Amelipa kama mgeni."

Mtu yule akaweka kiganja juu ya daftari lake lililokuwa mezani. Askari hutazama mkono unakokwenda. Nikalivuta daftari. Hakunipokonya. Alinitazama tu, akachukua kikombe, akanywa. (Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mwizi aliyekamatwa hanywi chai.)

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Jina langu. Chini yake ramani ya kijiji, njia ya mtoni, na nyumba yangu imewekwa msalaba. Nikaliinua watu wote waone.

"Mnaona? Ramani."

"Soma, mjomba," Jilo akasema kutoka mlangoni. "Soma yote, watu wasikie."

Nikasoma. Kwa sauti ya gwaride.

"Komora, koplo mstaafu. Imethibitishwa."

Nikawatazama watu. Wakaitikia kwa vichwa.

"Anaishi peke yake na mbuzi watatu. Husalimia mbuzi kabla ya kusalimia watu."

Mtu akacheka kule nyuma. Nilidhani anamcheka jasusi. Nikaendelea.

"Jirani, mke wa mwenye boda boda, asema ugali wa Komora ni mbichi. Akiwaletea, huupokea kwa heshima, kisha huwapa kuku."

Jilo akatoka nje kwenda kuangalia pikipiki yake.

"Buti zake huzipaka rangi kila Jumapili, ingawa hana pa kwenda nazo."

Macho ya hoteli nzima yakashuka miguuni kwangu. Zilikuwa zinang'aa kweli.

Ilinifaa ninyamaze hapo. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaingia mstari unaofuata, na mdomo ukayafuata.

"Redio ya marehemu ipo. Nyekundu, antena imefungwa kwa waya. Stesheni haijaguswa tangu afariki. Kila asubuhi jirani humsikia mwombaji akiiuliza redio: Umefika Hewani wewe? Umemuuliza nani?"

Mzee mmoja wa ng'ombe akavua kofia, akaiweka gotini. Hawo akatua birika.

Sikujua kwamba ukuta ule ni mwembamba hivyo.

Kisha neno moja likanirudia. Mwombaji. Mwombaji wa nini? Nikafunua nyuma ya daftari. Kuna karatasi mbili zimekunjwa, na mwandiko ni wangu. Kisa changu cha Mabuke. Pembeni mwa karibu kila sentensi kuna tiki ndogo ya kalamu nyekundu.

"Wewe ni nani?" nikauliza. Sauti ya gwaride ilikuwa imekwisha.

"Nilianza kudhani hutauliza," akasema. "Mimi ni mwalimu wa kile chuo kilichokuandikia mistari sita. Tulisema tutakisoma kwa makini. Kisa kikituvutia, mmoja wetu huenda kuuliza. Mtu anaweza kubuni mke na redio."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Umenihoji vizuri, Afande. Nimetoka wapi, nimefikaje, nimeongea na nani. Jina tu ndilo hukuuliza."

Nimelinda lango la kambi miaka, na swali la kwanza la mlinzi ni hilo hilo, nani wewe. Kuruta wa siku ya pili analijua. Koplo mzima nimelisahau mbele ya wauza ng'ombe.

Nikamrudishia daftari kwa mikono miwili. Nikainama chini ya meza, nikautoa mkoba, nikaupangusa alama ya buti yangu. Nikamwomba radhi. Akasema hakuna neno, mahamri yalikuwa matamu. Hawo akamwongezea mawili bila kuulizwa, na mimi akanipa mgongo.

"Kwa hiyo nimekosa nafasi," nikamwambia.

"Bado. Kuna sentensi moja sikuitia tiki." Akazikunjua zile karatasi, akaniwekea kidole. Nilikuwa nimeandika karibu na mwisho: *Tangu afariki nimezoea. Najipikia vizuri.*

"Hiyo ni kweli," nikasema.

Mwalimu akanitazama.

"Umemuuliza nani?"

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Hawo alicheka ameshika ukuta. Hata Jilo akarudi ndani kucheka, akasahau kwamba ana kesi. Sasa mtangazaji wa Mabuke nilikuwa mimi.

Mwalimu akasema basi lake ni saa tisa. Nikiirekebisha ile sentensi kabla ya hapo, Ijumaa ataiweka karatasi yangu mezani pamoja na za wengine. Nikiiacha ilivyo, hawezi.

Nikazichukua zile karatasi, nikarudi Hewani nyuma ya Jilo. Nyumbani nikawasha moto, nikasonga ugali kama ninavyousonga siku zote, nikaugeuza kwenye sinia, nikaupasua katikati kwa kisu.

Ndani kulikuwa na unga mkavu. Mweupe kabisa.

Nikakata ile sentensi. Juu yake nikaandika: *Tangu afariki, ugali wangu ni mbichi, na sikuwa najua.* Jilo akaipeleka Garsen mbio, akanipigia kuniambia mwalimu ameipokea, ameisoma amesimama mlangoni mwa basi, ametoa kalamu nyekundu. Alichoandika mwalimu, Jilo hakukiona; basi likaondoka.

Tafadhali msinicheke sana. Na mke wa Jilo, kama unasoma hapa, kuku wako leo hawana chakula. Ugali nimeula mwenyewe, wote.